Neno nililoliacha kwenye ripoti ya zamu

"Kitanda namba sita, mzee, msumbufu, hataki kulala, kachomwa sindano."

Maneno hayo niliyaandika mimi, saa saba na robo usiku, kwenye daftari la kukabidhiana zamu. Nilikuwa na miaka 3 kazini. Sasa nina miaka 19, mingi kati yake nimeitumia kuwauguza wazee wenye demensia, yaani maradhi ya ubongo yanayoondoa kumbukumbu na akili, na kila ninapoletewa wanafunzi wa uuguzi nawasomea ripoti hiyo kama ilivyo, halafu nawasimulia ya asubuhi yake.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa fundi cherehani mstaafu, na hapa nitamwita Fundi. Demensia alikuwa nayo kwa miaka kadhaa. Kilichomleta wodini ni kifua, na kifua kilikuwa kinapona. Siku mbili za mwanzo alikuwa mpole: anakaa ukingoni mwa kitanda, pindo la shuka kalishika kati ya kidole gumba na cha shahada, analisogeza kidogo kidogo kuelekea kushoto, likiisha anaanza upya. Usiku wa tatu akabadilika. Akawa anashika kiuno cha suruali, anainuka, tunamrudisha, anainuka tena. "Nifungulieni," alisema, "nifungulieni jamani." Nilidhani anataka mlango. Nikamwambia ni usiku, Baba, mlango umefungwa, lala. Alipoinuka mara ya kumi hivi nilimshika bega kwa nguvu, naye akanipiga mkononi. Tulikuwa wauguzi wawili kwa wagonjwa 28. Tukamfunga mikono yote miwili kwa bandeji kwenye vyuma vya kitanda, tukamchoma sindano ya kutuliza aliyoandikiwa apewe ikihitajika, nami nikakaa chini kuandika.

Asubuhi aliingia sista mmoja wa siku nyingi, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikwenda moja kwa moja hadi kitanda namba sita, akamwamkia Fundi, akaanza kumfungua bandeji kabla hajagusa daftari. Kisha akafunua shuka na kuweka kiganja chini ya kitovu. Akaniita. "Mdogo wangu, hebu weka mkono hapa." Nikaweka. Tumbo la chini lilikuwa limejaa, gumu, kama mpira uliotiwa upepo hadi mwisho. Katheta, mpira mwembamba wa kutolea mkojo, ilipoingia ulitoka mkojo wa zaidi ya lita moja. Fundi alishusha pumzi, ndefu mno, uso ukalegea, akalala.

Alikuwa anaomba afunguliwe suruali.

Sista hakunikaripia. Aliniuliza swali moja: "Mara ya mwisho alikojoa saa ngapi?" Sikujua. Hapakuwa na mahali popote palipoandikwa, na mwandishi wa usiku ule nilikuwa mimi.

Chanzo tulikikuta kwenye karatasi ya dawa. Siku moja kabla alikuwa ameanzishiwa amitriptilini kidogo ili apate usingizi. Dawa hiyo, kama zilivyo dawa za zamani za mzio zinazoleta usingizi na baadhi ya dawa za kibofu, huzuia kemikali ya mwilini iitwayo asetilikolini. Kibofu huihitaji ili kijikaze na kusukuma mkojo. Mzee mwenye tezi dume iliyokua tayari anakojoa kwa taabu. Ukimwongezea dawa ya namna hiyo, njia inaweza kufunga kabisa. Utumbo nao huzubaa, choo kikawa kigumu. Na ubongo wenye ugonjwa wa Alzheimer, aina ya demensia inayoonekana zaidi, umekwishapungukiwa na asetilikolini hiyo hiyo: donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1996, kazi yake ni kuizuia kemikali hiyo isivunjwe haraka. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kupewa asubuhi dawa ya kuitunza na usiku dawa ya kuizima, nasi tukashangaa mbona anazidi kuchanganyikiwa. Tangu siku ile, mzee akibadilika ghafla mkono wangu wa kwanza unakwenda kwenye karatasi ya dawa. Kipi kimeongezwa wiki hii?

Lakini dawa haikumfunga mzee wa watu kitandani. Nilimfunga mimi, na kilichonirahisishia ni lile neno.

Msumbufu. Ukilitazama vizuri, halimwelezi mgonjwa. Linaeleza kwamba sisi tumesumbuka. Likishaingia kwenye daftari linarithiwa. Zamu inayofuata inamwendea mtu huyo mabega yakiwa yamekaza, inapita kitandani kwake mara chache, na daktari akilikuta limeandikwa siku tatu mfululizo anaongeza dozi. Hakuna anayeuliza tena amesumbua vipi, saa ngapi, akisema nini. Neno hilo lina ndugu zake pia: mbishi, mkorofi, ana fujo, hana ushirikiano. Yote niliyaacha. Adabu ni jambo jema, lakini mimi niliyaacha kwa sababu yananipofusha.

Sasa naandika mikono ilifanya nini, mdomo ulisema nini, neno kwa neno hata kama mimi sijalielewa, ilikuwa saa ngapi, nini kilitangulia, na nini kilimtuliza. Ripoti ya Fundi ningeiandika hivi: "Saa 7 usiku. Anashika kiuno cha suruali na kuinuka kila baada ya dakika chache. Anasema 'nifungulieni'. Mkojo wa mwisho haujulikani. Ameanza amitriptilini jana." Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza maneno hayo, atakwenda kwenye kibofu bila kuambiwa.

Wenzangu husema muda wa kuandika hivyo haupo. Nawaelewa, maana nimefanya kazi zamu ambazo hata maji ya kunywa sikupata. Ila usiku ule tulitumia karibu saa nzima kumrudisha Fundi kitandani, kutafuta bandeji, kumshika, kumchoma. Kumpeleka chooni, na kuona kwamba hatoki kitu, kungechukua dakika kumi.

Kuna faili moja ambalo huwa nawatajia wanafunzi. Novemba 1901, katika hospitali moja ya Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alikaa mbele ya mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, akawa anamuuliza maswali na kuandika majibu yake kama alivyoyatoa. Jina lako nani? Mumeo anaitwa nani? Alimuonyesha vitu, akamtaka avitaje. Alimtazama akila, akamuuliza anakula nini, akaandika kwamba ametaja chakula kingine kabisa. Alipoambiwa aandike jina lake hakuweza kulimaliza. Na katikati ya hayo yote yeye mwenyewe alisema kwamba amejipoteza. Alifariki mwaka 1906, ubongo wake ukachunguzwa, na Novemba mwaka huo huo Alzheimer akaueleza ugonjwa huo kwa madaktari wenzake mjini Tübingen. Jina la ugonjwa lilikuja mwaka 1910, Emil Kraepelin alipoliweka kwenye kitabu chake cha tiba ya akili. Faili lenyewe lilipotea kwa miongo mingi, likapatikana 1995. Kinachonishika kila nikilifikiria ni kwamba mwanamke yule tunaweza kumsikia bado. Mtu alikaa akaandika alichokisikia, kabla hajajua kitakuwa na maana gani.

Narudi wodini. Lipo neno la pili ambalo nimejifunza kuliogopa, nalo watu hulishangilia: "ametulia."

Mama mmoja, mwenye demensia ya wastani, alikuwa mtembezi. Anaamka, anapanga viatu vya wagonjwa wote, anarudi. Ghafla siku mbili akawa kimya, analala mchana, ukimwita anafungua macho na kuyafumba. Zamu tatu ziliandika "ametulia, hana shida". Binti yake alipofika alisimama mlangoni, hakuingia hata ndani. "Sista, huyu si mama niliyemwacha juzi." Tulipompima, joto lilikuwa la kawaida, lakini anapumua haraka na oksijeni imeshuka. Nimonia. Wazee wengi huwa hivyo: maambukizi makali na joto halipandi, kinachotangulia kubadilika ni akili.

Hiyo ndiyo deliriamu, yaani kuchanganyikiwa kwa ghafla, na huwakumba watu wenye demensia kwa urahisi kuliko wengine. Demensia huja polepole, kwa miezi na miaka. Deliriamu huja kwa saa au siku chache, hupanda na kushuka ndani ya siku moja, na kinachoharibika mwanzo ni umakini: mtu hawezi kushika mazungumzo hata ya sentensi mbili. Sharon Inouye na wenzake walitoa mwaka 1990 njia ya kuitambua ambayo muuguzi anaweza kuitumia pale kitandani. Inaangalia mambo manne: mabadiliko ya ghafla yanayopanda na kushuka, umakini uliovurugika, mawazo yasiyofuatana, na hali ya kuwa macho isiyo ya kawaida. Mawili ya kwanza lazima yawepo, pamoja na moja kati ya mawili ya mwisho. Tatizo letu ni kwamba deliriamu ya kelele tunaiona wote, na ya kimya inatupa nafasi ya kupumzika. Ya kimya ndiyo inayoua watu wakiwa wamefunikwa shuka vizuri.

Nikiona mabadiliko ya ghafla napita mwili mzima: kifua, mkojo, choo cha mwisho, sukari, maji aliyokunywa, maumivu, dawa mpya. Halafu miwani na masikio. Niliwahi kumkuta baba mmoja ambaye kila zamu iliandika "haelewi anachoambiwa". Masikio yake yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta. Yaliposafishwa alinijibu swali la kwanza, kisha akaniuliza kwa nini watu wa pale wanamfokea. Tulikuwa tunampigia kelele wiki nzima tukidhani tunamsaidia.

Na swali ambalo hakuna kipimo kinachoweza kuchukua nafasi yake: muulize anayeishi naye, "Juzi alikuwaje?"

Maumivu yanastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo nadhani tunawakosea zaidi. Mtu aliyepoteza maneno hawezi kusema goti linauma. Tukimuuliza anasema hapana, au anarudia neno letu la mwisho, nasi tunaandika "hana maumivu". Tangu 2003 kipo kipimo kilichotungwa kwa ajili ya watu wenye demensia iliyofika mbali. Unatazama mambo matano: anavyopumua, sauti anazotoa, uso, mwili, na kama anatulizika ukimshika au ukiongea naye. Kila jambo lina alama 0 hadi 2, jumla 10. Siri yake, na hili vitini havilisisitizi vya kutosha, ni kumtazama akiwa anageuzwa au anainuliwa. Mgonjwa aliyelala tuli anaweza kupata sifuri, ukimgeuza ubavu wa kulia akapata saba.

Nchini Norwei, katika utafiti uliochapishwa 2011 ukiwa na wakazi 352 wa nyumba za kuwatunzia wazee, wote wakiwa na demensia na mahangaiko, nusu walipewa tiba ya maumivu kwa mpangilio maalumu, hatua kwa hatua, kwa wiki 8. Wengi wao walihitaji parasetamoli tu. Mahangaiko yao yalipungua kwa 17% kuliko ya wale walioendelea na huduma ya kawaida. Parasetamoli! Nilipousoma niliwakumbuka watu wangapi tuliowapa dawa ya kuwalegeza badala ya dawa ya goti.

Goti ndilo lililonipeleka kwa Mwalimu.

Alikuwa mama wa miaka 80 na ushee, mwalimu mstaafu, amebakiwa na maneno yasiyofika ishirini. Kwenye ripoti zake wiki nzima nilisoma "anakataa kuoga, anang'ata". Siku nilipopangiwa mimi sikumwogesha. Nilikaa nikamwangalia mwenzangu akijaribu, nikaandika. Alivyoguswa vifungo vya gauni, alishika kola kwa mikono miwili na kutazama mlango. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita. Alipoinuliwa miguu alikunja uso na kuvuta pumzi kwa meno. Maji yalipomgusa kichwani ndipo aliponyoosha mdomo kung'ata. Mambo matatu, wala hakuna hata moja kati yake linaloitwa kukataa kuoga. Alikuwa anaona haya, goti linamuuma, na maji ya kichwani yanamshtua.

Kesho yake nilimpa parasetamoli aliyoandikiwa, nikangoja kama nusu saa. Nikafunga mlango, nikavuta pazia. Nikapiga goti mbele yake ili macho yangu yawe chini ya yake, nikamwambia, "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

Neno hilo halikumwacha hadi mwisho. Majina ya wanawe yaliondoka, jina lake mwenyewe likaondoka, lakini ukimwamkia kwa heshima, sauti yake inapanda na kukaa sawa, sauti ya mtu aliyewahi kusimama mbele ya darasa, naye anaitikia. Kwangu hiyo ikawa ndiyo ruhusa. Akiitika naendelea. Asipoitika naondoka, narudi baada ya robo saa. Sijawahi kuona uchafu usioweza kungoja robo saa.

Sikumvua. Nilimfunika kwa taulo kubwa lililoloweshwa maji ya moto ya wastani na sabuni isiyohitaji kusuuzwa, nikamsugua juu ya taulo taratibu, nikianza na miguu na kupanda, sehemu niliyomaliza naifunika kwa taulo kavu. Uso nilimwachia mwenyewe: nikampa kitambaa mkononi, mkono wangu ukiwa chini ya wake, akajipangusa. Kichwa tukakiacha siku nyingine. Hakuning'ata. Njia hii ya taulo sikuibuni mimi. Nchini Marekani Philip Sloane na wenzake waliijaribu kwenye nyumba za wazee na kuchapisha matokeo 2004, pamoja na namna ya kuoga kwa bomba inayofuata hali ya mtu, na kwa njia zote mbili fujo na ukali vilipungua. Kilichonichukua muda ni kukubali kwamba mtu anaweza kuwa safi bila kumwagiwa maji.

Jioni Mwalimu alikuwa na shida nyingine. Jua likianza kuzama, anainuka, anachukua mkoba ambao haupo, anaelekea mlangoni. "Watoto wananingoja." Wanawe? Wanafunzi? Sijui, na nilizoea kumsahihisha: Mwalimu, ulishastaafu, watoto wamekwishakuwa watu wazima. Uso wake ulikuwa unavunjika mbele yangu, na dakika tano baadaye tunaanza tena, kila mara kama habari mpya. Mwenzangu mmoja hutumia njia ya kumwambia watoto wako nje wanacheza, wamesema upumzike. Mimi siwezi. Namheshimu mwenzangu huyo, lakini naamini mtu mwenye demensia hutambua sauti inayomdanganya hata kama maneno hayakumbuki. Kwa hiyo naacha kujibu kuhusu watoto walipo. Namuuliza leo anawafundisha nini. Namshika mkono tunatembea ukumbini, kwenda na kurudi, na kabla giza halijaingia nawasha taa zote ili vivuli visimtishe. Akichoka kutembea anakaa. Siku nyingine haikufaa kitu, tukatembea hadi miguu yangu ikafa ganzi.

Kuhusu dawa za kutuliza nitasema kwa ufupi. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa mwaka 2005 onyo kali kabisa kwamba dawa mpya za magonjwa ya akili zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 ikalipanua onyo hilo hadi kwenye dawa za zamani kama haloperidoli. Zipo nyakati zinahitajika, mtu akiwa hatarini kweli, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, kwa macho ya karibu. Ila kwa mtu mwenye demensia ya miili ya Lewy, aina nyingine ya demensia ambayo mara nyingi humfanya mtu aone visivyokuwepo, haloperidoli inaweza kumkakamaza mwili mzima, ashindwe kumeza, hata afe. Ndiyo maana kabla ya sindano huuliza ndugu maswali mawili: amekuwa akiona watu au wanyama ambao wengine hawawaoni? Usiku amekuwa akipiga mateke na kupigana usingizini? Wakisema ndiyo, namwita daktari kwanza.

Na bandeji. Kumfunga mtu hakumzuii kuanguka. Hujisokota, akaumia, akapata vidonda vya mgandamizo, na misuli ikaisha nguvu. Kitanda kikishushwa hadi chini na godoro likawekwa sakafuni pembeni, anayeanguka haendi mbali.

Chakula nacho ni kazi ya uuguzi, ingawa wengi humwachia yeyote aliye karibu. Nakaa chini, siinamii mtu kutoka juu. Kijiko kidogo, nangoja koo lipande na kushuka, ndipo kingine. Sahani yenye rangi tofauti na chakula husaidia. Kwa macho ya mtu mwenye Alzheimer, chakula cheupe juu ya sahani nyeupe kinaweza kuwa kama hakipo. Ugonjwa ukifika mwisho mtu hufumba mdomo, na hapo familia huuliza kuhusu mpira wa kulishia. Nawaambia ukweli kwa upole: katika hatua hiyo mpira haurefushi maisha wala hauzuii chakula kuingia njia ya hewa, na mara nyingi mgonjwa huishia kufungwa mikono asiuvute. Kumlisha kwa mkono, kiasi anachotaka, kwa raha yake, ndiko kunakopendekezwa. Mazungumzo hayo sijawahi kuyazoea. Mtoto akisikia "asilazimishwe" anasikia "aachwe na njaa", nami hukaa naye hadi tofauti ya maneno hayo mawili imwingie, hata kama ni siku tatu.

Watoto hao, wake, waume, ndio wanaobeba mzigo mkubwa. Duniani wapo zaidi ya watu milioni 55 wenye demensia, na wengi wanatunzwa nyumbani na mtu wa familia, mara nyingi mwanamke, asiyelipwa wala kupumzika. Ninapomwona mmoja wao amelala ameketi, kichwa kwenye ukingo wa kitanda cha mgonjwa, simwamshi kumpa maelekezo. Akiamka, kabla ya lolote namuuliza: "Na wewe unalala saa ngapi?" Wengi hulia kwa swali hilo tu. Halafu ndipo tunapanga: nani mwingine katika familia anaweza kushika usiku mmoja kwa wiki, mmoja tu, na nani atamwambia.

Binti wa Fundi alikuwa mmoja wao. Tulimwachisha babaye amitriptilini, katheta ikatolewa baada ya siku chache, na akili ikarudi taratibu hadi pale ilipokuwa kabla, ilichukua zaidi ya wiki. Mikono yake ikarudia shuka. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa anayenyofoanyofoa matandiko huenda ana deliriamu, nikamuuliza binti kama nyumbani pia hufanya hivyo.

Alitazama vidole vya baba yake kwa muda.

"Anapima pindo," akasema. "Sentimita mbili. Tukizidisha alikuwa anatufumulisha yote."

Kesho yake alileta kipande cha kitambaa cha bluu, pande tatu zimeshapindwa, upande mmoja haujapindwa. Fundi alikipokea, akakigeuza akatafuta ule upande, akaanza. Usiku huo nilikuwa zamu. Alikojoa saa 3 na saa 8, nikaandika. Alilala saa 4. Chini yake nikaongeza: "Ana kitambaa chake cha bluu mkononi. Kisipelekwe kufuliwa akiwa macho."